Mahesabu ya Desemba na furaha ya mtoto

Desemba kwa vijana wa rika langu ni mwezi wa mahesabu. Kuna nauli ya kwenda nyumbani, zawadi za wazazi, mchango wa harusi ya binamu na marejesho ya kikoba, na nyuma ya hayo yote Januari inachungulia na ada zake na kodi ya nyumba. Kuna pia hesabu nyingine isiyoandikwa popote. Mwaka unakwisha, je, nimefika wapi? Nani amenunua kiwanja, nani ameoa, nani amepata ajira ya kudumu, na mimi niko nafasi ya ngapi?

Wakati huohuo dunia inapofunga vitabu vyake, Kanisa linafungua mwaka. Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, ndiyo mwanzo wa mwaka wa Kanisa kwetu sisi Walutheri, na vivyo hivyo kwa Wakatoliki na Waanglikana. Mwaka huo hauanzi kwa shamrashamra. Unaanza kwa kungoja, siku 22 hadi 28 kutegemea Krismasi inaangukia siku gani ya juma, huku madhabahu ikiwa imevikwa zambarau.

Kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba majuma haya ni zawadi kubwa kwa kijana. Yanamtoa kwenye mstari wa kupimana na wenzake, yanamrudisha mahali pa mtoto.

Wanafunzi wa Yesu waliwahi kumwendea na swali ambalo vijana wa leo tunalielewa vizuri sana: nani aliye mkubwa kuliko wote katika ufalme wa mbinguni? Mathayo anasimulia katika sura ya 18 kwamba Yesu alimwita mtoto, akamsimamisha katikati yao, akawaambia kuwa wasipogeuka na kuwa kama watoto hawatauingia ufalme huo. Tumezoea kulisoma neno hilo tukiwafikiria watoto wasafi, wapole, waliopigwa picha nzuri. Lakini swali lilikuwa la cheo, na jibu nalo lilikuwa la cheo. Katika jamii ya wakati ule mtoto hakuwa na mali wala sauti barazani, na hakuna aliyemwomba ushauri. Yesu hakuwataka watu wazima wawe wajinga. Aliwataka wasimame mahali pa yule asiye na cha kujivunia, anayeishi kwa kupewa.

Mimi kuishi kwa kupewa nilikujifunza Bukoba, katika msimu wa senene.

Kwa wasiotoka Kagera, senene ni panzi wanaoruka usiku kwa makundi makubwa. Msimu wao mkuu kwetu ni Novemba na Desemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, kwa hiyo hugongana na Majilio. Hakuna aliyewapanda wala kuwachunga. Kuna mwaka wanajaa kwenye taa za barabarani hadi mwanga unafifia, na kuna mwaka wanakuja kiduchu, bei ikapanda sokoni. Wapo wanaowatega kwa mabati yaliyosimamishwa karibu na taa kali, senene wakagonga bati na kuteleza hadi kwenye pipa. Sisi watoto silaha yetu ilikuwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo.

Jioni zile zote tulikuwa na swali moja kwa bibi yetu.

“Bibi, leo watakuja?”

“Hao huwa hawaitwi, mjukuu wangu. Wewe osha chombo ukiweke karibu na mlango.”

Tulikiosha. Usiku mwingi kiliamka kama kilivyolala, kitupu. Halafu ulifika usiku ambao mtu alipiga kelele huko nje, na kijiji kizima kikatoka, wazee kwa watoto, wenye khanga kiunoni na wenye makoti, kila mmoja anaokota na kucheka. Asubuhi yake ilikuwa kazi ya kunyonyoa: mbawa, vipapasio, miguu. Miguu ya nyuma ina miiba midogo inayokwaruza vidole, na chumvi ikigusa hapo utaisikia. Wengi wa senene ni wa kijani, wa kahawia nao hawakosekani, ila mara mojamoja anatokea mwenye michirizi ya zambarau. Mtoto aliyempata huyo alimzungusha nyumba nzima, akamwonyesha kila mtu, kabla ya kukubali aingie kwenye kikaango. Kuwakaanga hakuhitaji mafuta mengi kwa sababu wanayo ya kwao. Kitunguu na chumvi vinatosha, na harufu yake inafika kwa jirani.

Maneno ya bibi yamebaki kwangu kuwa mahubiri mafupi kuliko yote niliyosikia kuhusu Majilio. Kuosha chombo ni kazi yetu. Kuja kwa senene si kazi yetu. Yohana Mbatizaji, ambaye makanisa mengi humsoma katika majuma haya, alihubiri jangwani habari ya kutengeneza njia: mwenye nguo mbili ampe asiye na nguo, mtoza ushuru asizidishe, askari asidhulumu. Hicho ndicho chombo kusafishwa. Lakini anayekuja katika njia hiyo hatumleti sisi kwa juhudi zetu, na hapo ndipo furaha inapoanzia. Ningekuwa na uwezo wa kuagiza Krismasi, ingekuwa mafanikio yangu mojawapo, ikaingia kwenye mahesabu pamoja na kiwanja na ajira. Kwa kuwa siwezi, inabaki zawadi.

Hatupendi kungoja, na sababu ninazifahamu kwa kuwa ninaishi nazo. Fedha inatumwa kwa simu na kufika kabla hujamaliza kusema asante. Chakula kinaletwa mlangoni na bodaboda. Maduka makubwa ya Dar es Salaam yanaanza kupiga nyimbo za Krismasi Novemba ikiwa bado haijaisha, kwa hiyo tarehe 25 inapofika masikio yamekwisha kuchoka, na tarehe 26 watu wanashusha mapambo wakati kalenda ya Kanisa ndiyo kwanza inaanza kusherehekea. Anayekula sikukuu kabla ya sikukuu huikuta mezani ameshiba.

Shada la Majilio, lile la mishumaa minne tunaloliona makanisani, lilizaliwa kutokana na watoto waliokuwa wakisumbua. Mwaka 1833 mwanateolojia wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alianzisha katika jiji la Hamburg, Ujerumani, nyumba ya kulelea watoto maskini na waliotelekezwa, iliyoitwa Rauhes Haus. Alikuwa na umri wa miaka 25. Inasimuliwa kwamba kila Desemba ilipokaribia watoto wale walimuuliza kila siku: Krismasi ni lini? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili, na kila siku ukawashwa mmoja. Desturi hiyo ilienea, mishumaa midogo ikaachwa, ikabaki minne ya Jumapili tunayoijua leo.

Ninampenda Wichern kwa sababu hakuwaambia watoto wanyamaze, wala hakuwapunguzia siku. Aliwapa njia ya kuona kwa macho yao kwamba siku inakaribia. Watoto wale, ambao wengi wao walikuwa wameshavunjwa na ahadi za watu wazima, walifundishwa kwamba ipo ahadi inayosogea kila jioni na haitawahadaa.

Katika usharika ninakosali, mwezi huu watoto wa Shule ya Jumapili hufanya mazoezi ya igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Wachungaji wa kondoo hufungwa vitenge kichwani na kupewa fimbo zilizokatwa uani. Katika zoezi mojawapo, malaika alipomaliza kutoa habari njema na wachungaji wakaanza safari ya Bethlehemu, mvulana mmoja aliyepewa nafasi ya kondoo alibaki amepiga magoti peke yake, akainua kichwa.

“Mwalimu, wao wakienda, sisi kondoo tunabaki na nani?”

Mwalimu alimtazama, akaweka karatasi zake chini. “Hilo, mwanangu, sijawahi kujiuliza.” Wakaketi wote kwenye sakafu kulijadili. Mmoja akasema waende nao. Mwingine akasema malaika mmoja abaki akiwalinda, maana walikuwa wengi. Msichana mkubwa kidogo akasema labda mchungaji mmoja alibaki zamu, na wenzake waliporudi wakamsimulia. Mazoezi yakasimama, lakini kwa maoni yangu ndipo mazoezi yalipoanza. Sisi watu wazima tunaisikia Injili ya Krismasi tukiwa tunajua mwisho wake, tunaipitia haraka ili tuende kula pilau. Mtoto anaingia ndani ya hadithi, anakaa humo, anaangalia huku na huku. Anajua kwamba usiku ule kulikuwa na baridi, kulikuwa na wanyama, na kuna mtu aliyekosa kwenda. Huko kushangaa ndiko kunakomfanya mtu aabudu, kwa sababu hawezi kumwabudu Mungu ambaye amekwisha kumzoea.

Nasikia mtu akisema: wewe unaongea habari za senene na maigizo, mwenzako amemaliza chuo na anazunguka na bahasha ya vyeti. Mwingine anauguza. Mama mwingine hajui wanawe watavaa nini siku ambayo watoto wa jirani watapita na nguo mpya. Kumwambia mtu huyo afurahi kama mtoto, si kumdhihaki?

Lingekuwa dhihaka kama furaha ya mtoto ingekuwa tabasamu la kujilazimisha. Mtoto hajilazimishi. Akiwa na njaa anasema nina njaa. Akiumia analia mbele za watu, haangalii nani anamtazama. Akitaka kitu anaomba bila kutunga sababu, na usiku analala kwa kuwa anaamini yupo mtu aliye macho. Ni sisi watu wazima tunaojibu “salama tu” huku tunaungua, tukahesabu hiyo kuwa imani. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu hata lini. Wayahudi waliopelekwa utumwani Babeli walimlilia hivyohivyo, na ndio ambao faraja ya Isaya sura ya 40 iliwaelekea. Majilio ni majira ya watu wa namna hiyo. Kijana mwenye bahasha ya vyeti hahitaji kujikausha machozi kwanza ili aruhusiwe kungoja pamoja nasi. Kulia kwake mbele za Mungu kunahesabika kuwa sehemu ya kungoja, na sisi tulio karibu naye tuna wajibu wa kukaa naye, si wa kumpa semina ya kujiamini.

Luka ameweka ushuhuda mzuri wa jambo hili katika sura mbili za kwanza za Injili yake. Maria anapofika kwa Elisabeti akiwa na mimba changa, anayeruka kwa shangwe ni Yohana, mtoto ambaye bado yuko tumboni. Siku arobaini hivi baada ya kuzaliwa Yesu, wazazi wanampeleka hekaluni Yerusalemu, na wanaomtambua ni wazee wawili: Simeoni, aliyengoja faraja ya Israeli, na Ana, mjane ambaye Luka anamtajia miaka 84. Makuhani walikuwepo siku hiyo, na wafanyabiashara, na mamia ya watu wenye shughuli zao. Lakini Simeoni ndiye aliyembeba mtoto wa fundi seremala mikononi, na wazee hao wawili ndio waliomshukuru Mungu kwa ajili yake. Kwa hiyo moyo wa mtoto hauishi kwa umri kupita. Unatunzwa kwa kungoja kwa uaminifu, na Ana alikuwa nao kuliko vijana wengi ninaowajua.

Ndiyo maana ninawaandikia hasa vijana wenzangu, Wakristo mnaohesabu nauli sasa hivi. Mkifika nyumbani, wapo watakaowapima kwa gari mlilokuja nalo na kwa uzito wa mfuko mliobeba. Msiingie katika shindano hilo, na wala msiwapime wadogo zenu kwa kipimo hicho. Kaeni jikoni na mama mkimenya ndizi. Muulizeni babu habari za Krismasi za utoto wake, mumsikilize hadi mwisho. Tazameni mikrismasi ilivyowaka maua mekundu barabarani, maana mwezi huu ndio wakati wake. Kama kuna deni, lipeni. Kama kuna ugomvi, umalizeni kabla ya sikukuu, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya kuosha chombo. Mtoto akikuuliza swali, usikimbilie kulimaliza kwa jibu.

Na ukiwasha mshumaa wa Jumapili ya kwanza, washa mmoja, uache mitatu isubiri zamu yake. Krismasi itafika tarehe 25 Desemba, na haihitaji tuiharakishe. Kazi yetu ni kuhakikisha inatukuta bado tunaweza kupokea.