Mbwa Huyu ni wa Nani?

Katika vijiji vya Karatu na Ngorongoro iko siku ambayo mbwa hupata heshima kuliko siku nyingine zote. Ndiyo siku ya chanjo. Gari la waganga wa mifugo huegeshwa chini ya mti mkubwa, au mbele ya shule, nao hushusha sanduku la barafu lenye dawa, meza ndogo na daftari. Punde watoto hutokea, maana mara nyingi ndio wanaotumwa kuleta mbwa: huyu avuta kamba ya katani, yule mnyororo, na mwingine amemkumbatia kinda la mbwa kifuani. Mwenye daftari humwuliza kila mmoja swali lile lile: Mbwa huyu ni wa nani?

Swali hilo ni fupi, na mtoto hulijibu bila kusita. Lakini sisi watu wazima twafaa kulitafakari, wasomaji wapenzi, kwa kuwa ndani yake lipo jambo la dhamiri. Mbwa anapobweka usiku na kumfukuza fisi zizini, kila mtu wa nyumba ile husema, "Mbwa wetu." Anapomwuma mtoto wa jirani, ghafula hana mwenyewe. Twasikia: "Yule huzurura tu. Hula kwetu, lakini si wetu." Je, yawezekana kitu kiwe changu wakati wa faida, kisiwe changu wakati wa hasara?

Kwanza tumtazame mbwa mwenyewe na kazi yake. Mkulima wa Rhotia au Mbulumbulu humtegemea kulinda mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe. Mfugaji wa Endulen au Nainokanoka humtegemea kutoa habari chui anapolinyemelea boma. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huenda naye mawindoni. Yeye ni mtumishi asiyedai mshahara, na ujira wake ni makombo. Kitabu cha Tobiti hakikuona haya kutaja kwamba kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika Rafaeli, mbwa naye alifuatana nao. Wazee wetu nao walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni wakali pia, yaani tabia ya mbwa yatujulisha tabia ya bwana wake. Basi na afya ya mbwa vilevile yatujulisha.

Adui mkubwa wa afya hiyo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na kirusi kilichomo katika mate. Mnyama mgonjwa akimwuma mtu, kirusi hupenya jerahani, hufuata mishipa ya fahamu polepole, kisha huufikia ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua muda wa mwezi mmoja hadi mitatu, na katika muda huo mtu huonekana mzima kabisa. Dalili zikishatokea, mgonjwa akaanza kuhangaika na kuogopa hata maji ya kunywa, karibu hakuna aponaye. Inakadiriwa kwamba duniani watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, walio wengi wakiwa wa Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wenye umri chini ya miaka 15.

Lililo la kusikitisha zaidi ni kwamba dawa ya kuukinga si mpya. Mwezi Julai mwaka 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameumwa na mbwa, naye mtoto akaishi. Imepita zaidi ya karne moja, na bado wako wazazi wanaozika watoto kwa ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa kwa sindano moja ya mbwa.

Wataalamu hutufundisha kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Fikirini maana yake. Mbwa wako aliyechanjwa hamkingi mtoto wako peke yake. Amkinga pia mtoto wa mtu usiyemjua, katika kijiji usichowahi kufika. Na mbwa wako usiyemchanja ni ufa katika ukuta wa kijiji kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa machozi. Kwa hiyo kumchanja mbwa si hisani tunayomfanyia mnyama tukipata nafasi. Ni haki anayotudai jirani. Hatusemi kwamba mtu asiyemwagia jirani yake moto nyumbani amemfanyia ukarimu. Twasema ametimiza wajibu tu.

Labda mtu atasema: "Mimi ni maskini. Sare za shule sijanunua, nami niangaike na mbwa?" Neno hili si la kudharauliwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yatufundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu na tunapaswa kuwatendea wema. Lakini yaonya pia tusiwatumilie wanyama fedha ambayo kwanza ingepaswa kuondoa taabu za watu. Basi tupime kwa mizani hiyo hiyo. Dozi ya mbwa ni ya gharama ndogo, na mara nyingi katika kampeni hutolewa bure. Sindano za mtu aliyeumwa ni ghali mara nyingi zaidi, hutolewa kwa siku kadhaa, na huenda zisipatikane katika zahanati ya karibu. Baba humwuza mbuzi, kisha ng'ombe, ili kumsafirisha mtoto mpaka hospitali ya mbali. Hapa mbwa na mtoto hawagombani juu ya shilingi moja. Anayemtunza mbwa amekwisha kumtunza mtoto.

Mwingine atasema: "Dawa ya mbwa wanaozurura ni risasi." Lakini nchi nyingi zimekwisha kujaribu njia hiyo, na kichaa hakikukoma. Wanaouawa ni pamoja na wale waliochanjwa. Wengine hufichwa na wenyewe. Na baada ya muda mfupi mahali pao huzaliwa wengine wasio na kinga. Aidha, nchi yetu ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nayo haituruhusu kumtesa mnyama. Tena yafaa tujiulize: mbwa wengi wa kuzurura walizaliwa wapi, kama si katika nyumba za watu?

Kichaa si ugonjwa pekee unaotoka kwetu kupitia mbwa. Wako tegu wadogo sana wanaokaa ndani ya utumbo wake. Mayai yao hutoka na kinyesi, huingia katika maji, majani na mikono ya watoto, kisha hufanya mafuko ya maji katika ini na mapafu ya watu na ya mifugo. Mbwa naye huwapata tegu hao tunapochinja mbuzi au kondoo na kumtupia ini au pafu bichi lenye mafuko hayo. Ugonjwa huu wajulikana katika nchi ya wafugaji wa Ngorongoro. Kinga yake yaanzia nyumbani: nyama mbovu ifukiwe au ichomwe, mbwa apewe dawa ya minyoo, na watoto wafundishwe kunawa mikono kabla ya kula. Humo hamna gharama kubwa. Mna uangalifu tu.

Tena, ndugu wasomaji, mwenye mbwa wa Ngorongoro ana majirani wengine wasioweza kuja kumshtaki. Eneo la Hifadhi lilianzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyama wa porini waishi pamoja katika nchi moja. Mwaka 1991 mbwa mwitu walitoweka katika nyanda za Serengeti, na kichaa kilikuwa kimekwisha kuthibitika katika baadhi ya makundi yao. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa jamii ya mbwa, uitwao distempa, uliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, yaani theluthi moja ya simba wote wa mahali pale. Wataalamu wametambua baadaye kwamba distempa hupita pia katika wanyama wengine wa porini, kwa hiyo si haki kumtwika mbwa wa nyumbani mzigo wote. Lakini sehemu iliyo yetu haina budi kubebwa na sisi. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 juhudi kubwa za kuchanja mbwa zimefanywa katika vijiji vinavyoizunguka Serengeti, na mahali zilipofanywa kwa bidii kichaa kilipungua, na watu walioumwa wakapungua nao.

Kazi hiyo si nyepesi. Dawa hupaswa kutunzwa katika ubaridi, na barabara za kwenda Kakesio au Mang'ola hazina huruma wakati wa masika. Kwa furaha twataja uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, ulioonyesha kwamba chanjo moja ya kichaa haikupoteza nguvu hata ilipowekwa katika joto la nyuzi 25 kwa miezi sita. Habari kama hiyo yawapa matumaini vijiji vilivyo mbali na umeme. Mashirika makubwa ya dunia nayo yameweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena mtu kwa kichaa cha mbwa.

Lakini gari hufika mtini tu. Haliwezi kuingia katika kila ua na kumfungua mbwa kila kambani. Hatua zilizobaki, kutoka nyumbani mpaka chini ya mti, ni za mwenye mbwa. Basi siku ya chanjo ikitangazwa, tusimwachie mtoto peke yake kazi ya kumkokota mbwa mkali. Baba na aende, au kaka mkubwa. Tusiwaache nyumbani makinda kwa kudhani ni wadogo mno, kwa maana nao hufaa kuchanjwa. Mwaka unaofuata turudi tena, kwa sababu wengine wamezaliwa na kinga ya wengine imekwisha. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Mwenye daftari angali anauliza. Heri mzazi ambaye siku hiyo atasimama mstarini, kamba mkononi, mbele ya majirani zake na mbele ya watoto wake, akajibu kwa sauti ya kusikika: Ni wangu.