Matundu Asiyoyatoboa Fundi

Ukihudhuria mihadhara ya dini hapa Tanga, iwe ya Waislamu au ya Wakristo, hutakosa kusikia habari ya saa. Msemaji huinua mkono, akaonyesha saa yake, akauliza kama yupo anayeamini kwamba imejiunda yenyewe. Watu hucheka. Basi, husema, ikiwa saa ina fundi, sembuse mbingu na ardhi? Hoja hiyo ni kongwe. William Paley, kasisi wa Uingereza, alifungulia nayo kitabu chake cha mwaka 1802: mtu anapita nyikani, anakuta saa iko chini, anajua mara moja kwamba kuna aliyeitengeneza. Na Paley hakuwa wa kwanza.

Shemeji yangu, anayesomesha madrasa mtaa wa pili kutoka shuleni kwetu, ameachana na saa. Siku hizi hutumia kigari chetu. Mimi nafundisha fizikia na kusimamia klabu ya roboti, na kigari hicho ndicho kazi ya kwanza ya kila anayejiunga: chasisi ya vyuma vyenye matundu, mota mbili, magurudumu mawili makubwa mbele na moja dogo la kuzunguka huko na huko nyuma. Hakina akili yoyote bado. Shemeji alikikuta mezani alipokuja kuazima bisibisi, akakigeuza juu chini, akauliza nani kakiunda. Wanafunzi wakajitaja kwa majivuno. Ijumaa kigari kikawa darsani.

Ninaamini anachoamini yeye. Sina ugomvi na mwisho wa hoja yake. Lakini mimi ndiye ninayekaa na watoto wakikifunga bolti baada ya bolti, na kila ninavyozidi kukijua kigari kile ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hakimsaidii. Anayemng'ang'ania fundi atajikuta anamtetea mungu mdogo kuliko yule anayemsujudia.

Tuanze na kilichomo sandukuni. Kuna mabamba marefu na mafupi, vyuma vilivyokunjwa kama herufi L, bolti, nati, washa, ekseli. Kila kipande kimetobolewa toka mwanzo hadi mwisho, na kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha tundu jingine ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Mtindo huu ni wa Frank Hornby, karani wa Liverpool aliyewatengenezea wanawe vitu vya kuchezea, akasajili hataza yake mwaka 1901. Baadaye dunia ikaujua kwa jina la Meccano. Alichotaka Hornby ni vipande visivyokuwa vya kitu chochote maalumu, ambavyo leo ni winchi na kesho ni daraja. Kwa hiyo mtoto anapofungua sanduku hakuti chuma tu. Anakuta maamuzi ya watu wengine yameshapita humo. Mota yake ataifunga penye tundu. Pasipo na tundu hafungi, hata akiwa na wazo zuri namna gani.

Kazi ya kwanza ni fremu. Karibu kila mgeni huchukua vipande vinne, akatia bolti moja kila kona, akapata mstatili unaopendeza macho. Kisha husukuma kona moja kwa kidole na mstatili mzima hulala ubavu. Hukaza nati zaidi, wengine hadi meno ya bolti yaliwe, na bado hulala. Dawa ni kipande cha mshazari kutoka kona hadi kona. Mstatili ukishagawanyika kuwa pembetatu mbili, umetulia, kwa sababu pembetatu haina pa kukimbilia: ukitaka kubadilisha pembe yake lazima urefushe au ufupishe upande, na chuma hakikubali.

Hapo ndipo huwaonyesha jambo ninalolipenda kuliko yote. Chukua kipande cha matundu manne, kingine cha matano, na kingine cha sita. Vifunge ncha kwa ncha, kwa matundu ya mwisho. Kona iliyo kati ya kile kifupi na kile cha wastani ni pembe mraba, bila kupima, bila kipimapembe wala kikokotoo. Sababu ni kwamba kinachohesabiwa si matundu bali nafasi zilizo kati yake, na nafasi hizo ni tatu, nne na tano. Mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hajamsikia Pythagoras anapata pembe mraba kwa kuhesabu kwa vidole vyake tu.

Sasa namuuliza shemeji: nani aliiweka kona ile? Si mwanafunzi, maana hata hakuijua. Si mimi. Si kiwanda, kwa sababu kiwanda kingechagua sentimita moja badala ya nusu inchi, kona ingetoka vilevile. Si Hornby. Descartes, katika barua zake za mwaka 1630 kwa Mersenne, alithubutu kusema kwamba hata kweli kama hizi Mungu ameziweka kama mfalme anavyoweka sheria katika milki yake. Wengi waliona amevuka mpaka, na mimi sina haja ya kuamua kati yao. Ninachojua ni kwamba fundi yeyote utakayemtaja, kona ile imemtangulia. Chuma kimemtangulia. Matundu yamemtangulia. Fundi ni mtu anayefika shughuli imeshaanza, akajitahidi kuingia katikati bila kuharibu.

"Lakini shemeji," aliniambia tulipokuwa barazani kwao, "mfano ni mfano. Ukisema fulani ni simba hutafuti mkia."

Kweli. Basi tuangalie upande anaoutaka yeye mwenyewe, ule wa mtengenezaji na alichokitengeneza.

Kigari kikishafungwa, tunaziunganisha mota zote mbili kwenye betri moja ili zipate umeme sawa, na tunakitaka kiende moja kwa moja ukumbini. Hakiendi. Huanza vizuri, kisha huvuta kushoto kama mtu anayeitwa na rafiki yake. Mota mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazilingani kamwe. Moja ina msuguano kidogo zaidi, gurudumu moja limebanwa zaidi na washa, au skrubu ndogo inayolishika gurudumu haikukaa sawasawa kwenye bapa la ekseli. Hesabu yake ni ya kutisha kidogo. Chukua magurudumu yaliyoachana sentimita 25. Ikiwa la kushoto linabaki nyuma kwa asilimia moja tu, basi katika mwendo wa mita tatu kigari kitakuwa kimetoka njiani karibu sentimita 18. Asilimia moja, na kimeshagonga kabati.

"Madam, sisi tulikiambia kiende mbele!" hulalamika watoto. Nami huwaambia kwamba chuma hakisikii kinachoambiwa. Kinafanya kile kilicho ndani yake kufanya. Kila fundi anaijua hali hii. Mafundi wa majahazi wanajua ubao unaojipinda, fundi cherehani anajua kitambaa kinachovutika. Kazi yote ya ufundi ni mapatano na kitu ambacho hukukiumba na ambacho hakikubali kila unachotaka.

Plato aliliona hili waziwazi. Katika *Timaeus* anasimulia fundi wa kimungu anayeupanga ulimwengu kutokana na vitu vilivyokuwapo tayari, vimevurugika. Fundi huyo ni mwema na anafanya yaliyo bora kadiri inavyowezekana. Kadiri inavyowezekana! Lipo jambo la lazima ambalo hata yeye hawezi kulishinda lote, hulishawishi tu. Plato alikuwa mkweli kwa picha aliyoichagua. Ukisema fundi, umesema malighafi, na ukisema malighafi umesema upinzani. Basi ukiulizwa kwa nini mtoto anazaliwa na tundu moyoni, jibu la fundi lipo tayari: chuma kilivuta kushoto. Jibu hilo lina faraja yake, nakiri, na nimeliona likiwatuliza watu. Lakini shemeji hawezi kulitumia na kesho yake akasimama darsani kusema kwamba Mungu ameumba pasipo kitu. Achague.

David Hume aliupiga mfano huu mahali pengine, katika mazungumzo yake juu ya dini yaliyochapishwa mwaka 1779, yeye akiwa ameshafariki. Ukiona jahazi zuri, alisema kwa maana, utamsifu seremala; kumbe seremala mwenyewe ni mzito wa akili anayeiga tu yaliyoboreshwa na wengine kwa karne nyingi, baada ya makosa mengi. Sikuhitaji Hume kuniambia. Muulize mwanafunzi wangu kwa nini kafunga mota kwenye tundu la tatu kutoka ukingoni. Atakujibu, "Ya mwaka jana ilikuwa hapo." Ukimuuliza wa mwaka jana, atakwambia hivyohivyo. Kigari hakishuhudii akili moja kubwa. Kinashuhudia foleni ndefu ya watu waliojaribu.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi si hayo. Ni likizo. Shule inafungwa, watoto wanakwenda makwao Lushoto, Pangani na Korogwe, nami nakwenda kwangu. Kigari kinabaki rafuni. Hakimhitaji mtu. Ningekufa mwezi wa saba, mwezi wa nane kingekuwepo palepale, bolti zake zote zimekaza. Fundi ana kazi siku ya kuunda. Baada ya hapo chombo kinasimama peke yake.

Thomas Aquinas, msomi wa Kanisa wa karne ya 13, aliitenga nukta hii vizuri: mjenzi ni sababu ya nyumba kutokea, si ya nyumba kuendelea kuwepo, ndiyo maana mjenzi huondoka na nyumba hubaki. Lakini hewa hubaki na mwanga kwa muda ule tu jua linapoangaza. Viumbe kwa Mungu, alisema, ni kama hewa hiyo, si kama nyumba. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi: hata pamba inapogusana na moto, kinachoiunguza si moto wenyewe, bali ni Mungu anayeumba kuungua wakati ule. Si lazima ukubaliane na Ghazali. Nikikubaliana naye kabisa sijui nitasomeshaje fizikia Jumatatu. Ila ona kwamba Mkristo huyu na Mwislamu huyu, ambao katika mihadhara yetu wangewekwa meza mbili zinazotazamana kwa hasira, wote wanamkataa mungu anayeunda kisha akaondoka. Na huyo ndiye mungu ambaye kigari chetu kinamhubiri.

Nilimweleza shemeji yote haya kwa mafungu, jioni kadhaa, na si kila mara alikuwa na hamu. Aliyenigeuza kidogo ni yeye, bila kukusudia.

Mwisho wa muhula tunavunja kila kitu. Vyuma ni vichache na kidato cha pili wanavihitaji. Watoto huchukia siku hiyo, kwa sababu wameshakipa kigari jina. Tunakipiga picha pande zote, tunafungua, na bolti zinarudi kwenye visanduku vyake. Muhula ukianza, hao hao hukiunda upya kwa kutazama picha. Safari hii shemeji alikuwepo, na aliwauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuwauliza: hiki ndicho kile kile?

Ulizuka ubishi mkubwa. Wapo waliosema ndicho, vyuma ni vilevile. Wapo waliosema kile kilikufa. Shemeji akang'aa uso. Aliwakumbusha mtu anayetajwa katika sura ya Yasini, anayeuliza nani atakayeihuisha mifupa iliyokwisha kuoza, na jibu analopewa: yule aliyeifanya mara ya kwanza. Nikaona kwamba hapa, kwa mara ya kwanza, fundi ana nafasi. Katika kuumba mara ya kwanza hafai, maana yeye hutegemea sanduku lililojaa. Lakini katika kufufua, sanduku lipo. Mifupa ipo, udongo upo, na kinachotakiwa ni anayejua kipi kilikuwa wapi. Watoto walikuwa na picha tu na walikaribia sana. Na Aya yenyewe haimwachi mtu aanze na fundi: inaanza na lile la kwanza, lisilo na mfano, ndipo inashuka kwenye hili la pili kama jambo jepesi. Shemeji amekuwa akiipanda ngazi hiyo kutoka chini.

Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, akasema atalifikiria, na kwa shemeji hilo si jambo dogo.

Wakati huo watoto wakawasha kigari. Kikaenda mbele hatua chache, kisha kikaanza kuvuta kulia.

"Madam, hiki si chenyewe," akasema binti mmoja. "Chetu kilikuwa kinavuta kushoto."

Mwenzake akainama, akatazama chini, akaona walichofanya: mota zimebadilishana pande. Ile dhaifu sasa iko kulia. Kasoro imehama nayo.

Shemeji akaeleza kwamba siku ya ufufuo watu wa peponi watafufuliwa bila kilema, kila kitu kimenyooka. Binti akafikiri kidogo.

"Sasa ustadhi, kama kitakuwa kinakwenda moja kwa moja," akauliza, "sisi tutakijuaje kuwa ni chetu?"

Shemeji alinitazama mimi. Nikamwambia swali ni la somo lake, si la kwangu.