Anania Watatu, Jina Moja

Masomo: Matendo 5:1-11, 9:10-19, 23:1-5



Siku ya mgao wa chakula, jina moja likiitwa husimama watu wawili au watatu, mpaka karani asome jina la baba na namba ya kadi. Biblia nayo inao watu wa namna hiyo. Katika kitabu cha Matendo peke yake tunakutana na Anania watatu. Jina hilo la Kiebrania lina maana ya kwamba Bwana ametenda kwa neema. Wote watatu walipewa jina jema. Tuone kila mmoja alilibeba namna gani.

Wa kwanza alikuwa ndani ya kanisa la Yerusalemu. Yeye na mkewe Safira waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Hakuna aliyewalazimisha kutoa. Kosa lao lilikuwa kumdanganya Roho Mtakatifu, nao wakafa siku ile ile.

Wa pili alikuwa kuhani mkuu. Paulo alipojitetea mbele ya baraza, huyu aliamuru apigwe kinywani. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba watumishi wake walinyang'anya zaka kwenye viwanja vya kupuria nafaka, hata makuhani wengine wakafa njaa. Mwaka 66 aliuawa na waasi wa taifa lake mwenyewe.

Wa tatu alikaa Dameski. Hakuwa mtume, alikuwa mwanafunzi tu, mwenye sifa njema kwa jirani zake. Bwana alimtuma kwa Sauli, mtesaji wa kanisa. Anania aliogopa, akamweleza Bwana mabaya yote aliyoyasikia. Bwana akamtuma tena. Akaenda, akamwekea Sauli mikono, akamwita ndugu.

Ndugu zetu, tunajifunza nini hapa?

Kwanza, jina halimwokoi mtu. Tunawabatiza watoto wetu Danieli, Esta na Samweli, nasi tunaitwa Wakristo. Hayo ni mema, lakini Mungu anatazama matendo yetu na mioyo yetu.

Pili, tusimhukumu mtu kwa jina lake. Kati yetu wako wanaoepukwa hata kwenye bomba la maji kwa sababu jina lao linafanana na la mtu aliyetutesa kule nyumbani, au linaonyesha kabila fulani. Kumbukeni kwamba mwenyeji wa Sauli pale Dameski aliitwa Yuda, sawasawa na yule msaliti. Anania hakuogopa kuingia nyumba ile kwa ajili ya jina hilo.

Tatu, na hili ndilo gumu: Sauli alikuwa mtesaji mwenyewe, si mtu wa kufanana naye jina. Wengi wetu tumezika wapendwa wetu, na wengine hatukupata hata nafasi ya kuzika. Hatusemi kusamehe ni jambo jepesi. Tunasema tu kwamba Bwana aliisikiliza hofu ya Anania, kisha akamtuma vilevile. Kama Anania angebaki nyumbani, nani angemwita Sauli ndugu?

Tuombe: Bwana, utupe neema ya kwenda kule unakotutuma. Amina.