Nani Amerithi Moshi?

Mwenge si mbali na Mikocheni ninakoishi. Jioni, pembeni ya barabara, raba za mtumba hupangwa juu ya turubai, zimesuguliwa kwa mswaki na sabuni mpaka soli zimerudia weupe. Kuna Nike, kuna Puma, kuna Reebok. Hakuna anayeuliza nani alizivaa kabla yetu. Tunauliza bei, na kama namba 42 ipo. Kiatu kikishalipiwa ni cha aliyelipa, basi.

Ila kuna kitu kuhusu Reebok ambacho hakiishi kirahisi hivyo. Si raba tu iliyobadili wenyewe. Kampuni nzima imeuzwa. Adidas iliinunua mwaka 2006 kwa takriban dola bilioni 3.8, ikawa kampuni tanzu yake kwa miaka 16. Agosti 2021 ikatangaza kuiuza kwa Authentic Brands Group ya Marekani, kwa bei isiyozidi euro bilioni 2.1, na mauzo yakakamilika Machi 2022. Nembo, mikataba na mali vyote vilihamishwa kwa hati. Mimi najiuliza kuhusu kitu kisicho na hati: moshi uliotoka katika kutengeneza raba za miaka hiyo 16 ni wa nani sasa?

Moshi huo si wa mfano. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT walipima jozi moja ya raba za kukimbilia, wakakuta utengenezaji na matumizi yake huzalisha takriban kilo 14 za hewa ukaa. Zaidi ya theluthi mbili hutoka kiwandani, kwa sababu kiatu kimoja kilikuwa na vipande 65 vilivyopita hatua zaidi ya 360. Na viwanda hivyo kwa kawaida si mali ya wenye nembo. Ni vya makandarasi, wengi wao huko Vietnam, Indonesia na China. Kwa hiyo moshi ulikuwa na wazazi wengi hata kabla kampuni haijauzwa.

Kampuni mama nayo ilikuwa imetoa ahadi. Adidas ilisema itapunguza gesijoto katika mnyororo wake wote kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ikipima kuanzia 2017, mwaka ambao Reebok ilikuwa bado ndani ya nyumba. Kanuni za kimataifa za kuhesabu gesijoto zinajua mtego uliopo hapo. Zinataka kampuni inayouza sehemu kubwa ya biashara yake irudi nyuma na kuhesabu upya mwaka wa kuanzia, ili kuuza kusihesabiwe kuwa ni kupunguza. Ni kanuni ya haki. Lakini tazama inavyofanya kazi: moshi wa kampuni tanzu unafutwa mwanzoni na mwishoni mwa daftari. Hesabu inakuwa safi, na hakuna aliyedanganya. Angani hakuna kilichofutwa.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Nadhani hapa msemo huo unatuchanganya kidogo. Chukulia nimezoea kukopa kwa Mangi shilingi 10,000 kila wiki, na sijawahi kulipa. Leo namwambia kwamba ifikapo 2030 nitakuwa nakopa 7,000 tu. Mangi atacheka, kisha atafunga dirisha. Kupunguza kasi ya kukopa ni jambo jema, lakini si kulipa. Asilimia 30 ni ahadi kuhusu kukopa. Hewa ukaa hukaa angani kwa karne na karne; iliyokwisha kupanda haimo kwenye ahadi ya mtu yeyote.

Huku kwetu Pwani tuna adabu ya jambo hili. Kabla maiti haijazikwa, mtu wa familia husimama na kusema: kama kuna aliyekuwa akimdai marehemu, aje kwetu. Na katika mirathi ya Kiislamu, deni hulipwa kwanza, warithi ndipo wagawane. Hakuna anayesema nyumba nimerithi lakini deni silijui. Kampuni inapobadili mikono, mnunuzi hurithi jina na mapenzi ya wateja yaliyojengwa kwa miaka. Jina hilo lilijengwa kwa raba zilezile zilizotoa moshi. Akichukua faida ya historia, sioni kwa nini aikatae hasara yake, wala kwa nini muuzaji aliyevuna miaka 16 aondoke mikono mitupu ya lawama.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu, ananipinga. Anasema deni lazima liwe na mdai anayejulikana na kiasi kinachojulikana, na hapa hakuna vyote viwili: kilo 14 haziwezi kufuatiliwa mpaka kwenye tone fulani la mvua. Yuko sahihi kuhusu tone. Mvua za mwaka 2024, ambazo Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi Aprili kuwa zilikuwa zimeua watu 155 nchini, siwezi kuzibandika nembo ya kiatu. Huku Mikocheni maji yanapoingia ndani, sehemu ya lawama ni yetu: mitaro tumeijaza taka na mabonde tumeyajenga.

Lakini daftari la michango ya msiba lingemjibu. Mmoja ametoa 5,000, mwingine 2,000. Hakuna ajuaye shilingi ya nani ilinunua sanda na ya nani ilinunua mchele, na bado kila jina limeandikwa, kwa sababu msiba umesimama kwa jumla. Kama wema mdogo unaochanganyika haupotezi mwenyewe, madhara madogo yanayochanganyika yasipotezewe mwenyewe kwa kisingizio hichohicho. Kushindwa kuonyesha tone si kushindwa kuonyesha mkono.

Tofauti pekee ni kwamba msibani mdai huitwa. Mdai wa moshi ni yule anayeinua godoro juu ya meza usiku maji yakipanda, na ni mtoto ambaye bado hajazaliwa. Hao hawakuwa na kiti siku hati zinasainiwa, na hakuna aliyesimama kuwauliza wanadai nini.