Hata Chombo cha Mbwa Kililipwa

  

Tangu Oktoba 2023, kuanzia Mambrui hadi Takaungu, ni nadra Ijumaa kupita bila Gaza kutajwa katika misikiti yetu. Kunuti imesomwa mpaka watoto wa madrasa wameihifadhi. Watu wamechanga, na wako walioacha hata soda waliyoizoea. Allah atakabali. Asitoke mtu hapa akaenda kusema barazani kwamba leo mawaidha yalikuwa ya kuwakataza watu kuwaombea Wapalestina. Waombeeni. Watu waliofungiwa maji na unga huku wakipigwa mabomu hawahitaji hotuba ndefu ili ijulikane kwamba wamedhulumiwa.

Ninalotaka kuuliza ni jengine. Machozi yetu tunamlilia madhulumu, au tunamlilia mwenzetu tu? Maana hayo ni mambo mawili, na Siku ya Kiyama hayatawekwa katika kitanga kimoja.

Mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (S.A.W.) alimtuma Khalid bin Walid kwa watu wa kabila la Banu Jadhima. Hakumtuma kupigana, alimtuma kuwalingania. Wale watu wakaweka silaha chini. Ikatokea kutoelewana, wakafungwa kamba, na wengine wakauawa hali wamefungwa. Habari ilipofika kwa Mtume alinyanyua mikono akajitenga mbele ya Mola wake na alilolifanya Khalid. Alilisema hilo mara mbili. Hapa ndipo waadhi wengi tunapoishia. Lakini wanavyuoni wa sira wanaendelea: alimwita Sayyidna Ali, akampa mali, akamtuma kwa wale wafiwa.

Ali alikwenda akakaa nao. Akalipa dia ya kila roho. Kisha akalipa mali zilizoharibika, kitu kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye chombo cha mti wanachonyweshea mbwa. Nacho akakilipa. Akawauliza kama kuna damu au mali iliyobaki bila kulipwa. Wakasema hakuna. Bado mkononi mwake mlikuwa na fedha. Hakurudi nazo. Aliwapa zote, kwa tahadhari, iwapo kuna kilichopotea ambacho wao hawakukikumbuka na yeye hakukijua. Aliporejea na kueleza, Mtume alimwambia amefanya vyema.

Tazameni hesabu ile iliandikwa kutoka kinywa cha nani. Waliodhulumiwa ndio walioulizwa. Jeshi lilikuwa la Mtume mwenyewe, na amiri wake ni shujaa ambaye mpaka leo tunawapa watoto wetu jina lake. Hakuna aliyesema vita ni vita, wala kwamba wale walikuwa washirikina juzi tu. Chombo cha mbwa kililipwa, ndugu zangu.

Sasa rudini nami nyumbani, hapa hapa, ng'ambo ya mto Sabaki, na kule juu Kaloleni na Ganze, ambako asubuhi hii mlinunua mahindi mabichi na mkaa kwa watu wake.

Mwaka 1912 Waingereza walimpeleka bara ya Malindi afisa wao mmoja, Arthur Champion, kuwatawala Wagiriama. Walitaka vitu vitatu: kodi ya nyumba, vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani na Mombasa, na baadaye ardhi yenye rutuba iliyo kaskazini ya mto. Wagiriama walikuwa wakulima hodari. Nafaka yao ilishuka mpaka bandari zetu, na hawakuona kwa nini waache konde zao wakalime za watu. Akasimama mama mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Mwaka 1913 wakawakusanya watu Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, wakalishana viapo: hakuna kijana atakayetolewa. Serikali ikawakamata wote wawili, ikawapeleka Kisii, upande wa Ziwa Victoria. Januari 1914 wakatoroka wakarudi pwani. Pimeni wenyewe ni mwendo gani ule kwa mama mtu mzima, bila gari.

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani, kaya ililipuliwa kwa baruti na kutiwa moto. Kisha ukaja mchango wa wapagazi wa kubebea wazungu vita vyao. Watu wakakataa. Askari wa Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles, waliokuwa wakisafirishwa kwenda kupigana na Wajerumani, wakageuzwa kuwapiga wanakijiji wenye mishale. Wiki kadhaa za Agosti na Septemba nyumba zilichomwa vijiji kwa vijiji, mbuzi wakaswagwa kwa maelfu, na watu waliouawa wanahesabika kwa mamia.

Halafu ikaja sulhu, na masharti yake yasikilizeni vizuri. Wagiriama walipe faini ya rupia 100,000. Watoe vijana 1,000 wa kufanya kazi ya upagazi. Wahame kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, waache makonde yao. Waliochomewa ndio waliolipa! Sayyidna Ali alikwenda na mfuko akaacha mfuko. Waingereza walikuja kwa watu walio majivuni wakawadai.

Na wale wapagazi walikwenda wapi? Katika vita vile vya Afrika Mashariki, wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hivyo mama aliyewaapisha watu wasitoe wana wao hakuwa mkorofi asiyejua maendeleo, kama ilivyoandikwa na maafisa wa siku zile. Alikuwa akikataa vita visivyomhusu visile watoto wa watu. Leo mtu akisimama London au Nairobi na bango la kupinga vita huitwa mwanaharakati. Mekatilili aliitwa mchawi.

Wagiriama waliruhusiwa kurudi ng'ambo baada ya miaka michache, wakakutana na njaa ya 1918. Mekatilili naye alikufa, akazikwa Bungale, huko Magarini. Sanamu yake iko mjini Malindi. Wangapi kati yetu tumewahi kusimama mbele yake tukajiuliza sisi watu wa mji tulikuwa upande gani?

Hili ni zito kidogo, nistahimilieni. Mji wetu wa Malindi una tabia ya zamani. Agosti 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteketeza Mombasa. Mfalme wa Mombasa alimwandikia barua mfalme wa Malindi akimweleza kwamba aliporudi mjini hakukuta kiumbe hai, na harufu ya maiti haikuwezekana kuivumilia. Barua ile ilikuja hapa, kwa Waislamu wenzake. Na Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno, tangu ilipompokea Vasco da Gama mwaka 1498. Nguzo yake tunawapeleka wageni wakaipige picha. Barua hatuitaji.

Mwaka 1914 haukuwa tofauti sana. Wenye mashamba ya pwani, waliokuwa wamezoea kulimiwa na watumwa mpaka utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907, walihitaji mikono, na serikali ikaitafuta mikono hiyo kwa Wagiriama. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Wenye kujua ofisi na kalamu wakapata hati, na Mgiriama aliyelima pale akawa skwota. Mpaka leo kesi za Kilifi na Malindi zinanuka sheria ile. Wagiriama husimulia pia kwamba Mekatilili alipokuwa msichana alimwona nduguye akichukuliwa na wafanyabiashara wa utumwa, Waarabu. Wanaposimulia hivyo mbele yetu huwa wanapunguza sauti, kwa heshima. Sisi tusipunguze. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa tusimamishe uadilifu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa zetu wa karibu.

Najua kuna kijana hapa mbele anasema moyoni: sheikh, wale hawakuwa Waislamu, na kaya ni mambo ya mizimu. Nimelisikia, na nalijibu. Jeneza la Myahudi lilipita mbele ya Mtume, akasimama. Akaambiwa huyo ni Myahudi. Akauliza kwani hiyo si roho. Haya yamo katika Sahihi mbili, si maneno yangu. Na Sayyidna Abubakar alipokuwa akiliaga jeshi lililokwenda Sham aliwakataza kuua mwanamke, mtoto na mzee, akawakataza kukata mti wa matunda na kubomoa palipojengwa. Akawaambia kuwa watawakuta watu waliojitenga kwa ajili ya ibada zao. Wawaache na walichojitengea. Khalifa wa Mtume anawalinda watawa wa dini nyingine wasiguswe na jeshi lake, nasi tuone sawa Mwingereza kulipua kaya kwa baruti kwa sababu eti ilikuwa na mizimu? Hatuambiwi tuabudu kayani. Tunaambiwa tusifurahie dhulma.

Mizani hii ikitushika kwa majirani, itatushika na kwengineko. Wanafunzi 142 na wenzao, jumla ya watu 148, waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na waliowaua walidai kufanya hivyo kwa jina la dini yetu. Raia waliouawa na kutekwa Israeli siku ya 7 Oktoba 2023 nao ni roho. Anayeona uchungu kulitamka hilo ajiangalie, maana Mola ametuambia katika Suratul Maida kwamba chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu.

Na jeshi letu wenyewe. Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia. Sababu zilitolewa, na kweli kulikuwa na watu waliotekwa kwenye fukwe za Lamu. Mwisho wa mwezi ule ule ndege ilipiga Jilib, huko huko Somalia, mahali walipokuwa watu waliokimbia makwao, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasema wamepokea majeruhi makumi kadhaa, wengi wao watoto. Serikali ilikana kwamba ilipiga kambi ya raia. Mimi si hakimu wa jambo hilo. Lakini Mtume hakungoja maadui zake wamlalamikie Khalid kwa miaka. Alituma mtu akaulize, tena mtu mwaminifu, tena na fedha mkononi. Sisi walipa kodi wa Kilifi, ambao wana wetu wamo katika jeshi hilo, tulimuuliza mbunge wetu nani aliyekwenda Jilib kuhesabu? Tunauliza juu ya barabara ya Baricho kila uchaguzi. La Jilib hatukuliuliza.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, pauni milioni 19.9 kwa jumla. Ilichukua miaka zaidi ya 50, ikachukua mawakili na mahakama ya London, na ikawezekana kwa sababu kuna watu waliokuwa wameandika majina. Wagiriama wa 1914 hawamo katika malipo yale. Aliyekuwa na mtoto mgongoni mwaka ule hayupo tena. Lakini wajukuu wake wapo, na wanayo masimulizi: nyumba ya nani ilichomwa, nani alikwenda upagazini asirudi, konde lilikuwa upande gani wa mto. Masimulizi hayo yanazikwa kila mwezi pamoja na wazee.

Basi ombi langu kwa kamati ya msikiti ni hili. Tunao vijana wa madrasa wanaojua kuandika na wenye simu za kurekodi. Tuwatume, wawili wawili, kwa ruhusa ya wazee wa huko, waende Magarini, Ganze na Bamba wakaulize na kuandika kwa Kigiriama na Kiswahili, wakaiache nakala moja kwa wenyewe kabla ya kuleta nyingine hapa. Na ifikapo tarehe 4 Agosti, tuwaombe wazee watukaribishe Bungale, tukae nao chini tusikilize. Siku hiyo asiende mtu na vijitabu vya daawa mfukoni. Asiende mtu kupiga picha na mgombea wake. Sadaka ya Gaza itaendelea kukusanywa kwenye ndoo ya kijani kama kawaida, na hii ya safari itakuwa na ndoo yake, zisichanganywe.

Mwenye matatu au pikapu ya kututoa hapa mpaka Bungale amwone katibu baada ya swala, na mzee yeyote humu aliye na ukoo wa Kigiriama upande wa mama, nasi tunajua mko wengi, tafadhali abaki nyuma kidogo, tuanze kuandika na yeye.