Mtango wa Yona

Mwezi wa Mei mwaka 2007 ofisi za shirika la televisheni la CBS nchini Marekani zilianza kupokea mizigo ya ajabu. Yalikuja mabunda, yakafuatwa na maboksi, na ndani yake zilikuwamo karanga na kokwa za jamii yake. Siku zilivyozidi kupita mizigo ilizidi kuja, hata jumla yake ikapita tani 20. Msomaji aliyepata kulima karanga kwa jembe la mkono, akazing'oa, akazianika na kuzimenya moja moja, hana haja ya kuelezwa uzito huo: ni magunia 200 ya kilo mia mia. Nazo hazikutumwa ili ziliwe. Zilitumwa kuwa ni lalamiko.

Kilicholalamikiwa ni hiki. CBS ilikuwa imetangaza kwamba tamthilia yake iitwayo Jericho, iliyosimulia habari za mji mdogo wa Kansas baada ya miji mikubwa ya Marekani kuangamizwa kwa mabomu ya nyuklia, haitaendelea baada ya msimu wake wa kwanza. Katika sehemu ya mwisho shujaa wa hadithi alikuwa ametamka neno lile la Kiingereza lenye maana ya karanga, ambalo pia ni neno la dharau, na ambalo Jenerali McAuliffe aliwajibu Wajerumani walipomtaka asalimu amri kule Bastogne mwezi wa Desemba 1944. Watazamaji wakalishika neno hilo, wakaligeuza kuwa silaha. Mwezi wa Juni wakubwa wa CBS walilegea, wakaahidi sehemu saba zaidi, na pamoja na ahadi hiyo wakawasihi watu waache kuwaletea karanga. Sehemu hizo saba zilionyeshwa mwezi wa Februari na Machi 2008. Watazamaji hawakutosha, na tamthilia ikakatwa mara ya pili.

Hatukuanza na kisa hiki kwa nia ya kuwacheka Wamarekani. Nasi tunayo ya kwetu. Tamthilia ya Isidingo ya Afrika ya Kusini, iliyotazamwa miaka mingi hata huku kwetu, ilianza mwaka 1998 na ikafikia kikomo mwezi wa Machi 2020, na wapo waliopokea habari ile kama watu waliofiwa. Siku hizi ni zamu ya tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Ni nani kati yetu asiyejua nyumba ambamo Rosari ya jioni huharakishwa ili mwisho wake usipitane na mwanzo wa tamthilia? Na tamthilia hiyo ikikatizwa, au ikibadilishwa saa, utasikia manung'uniko ambayo hayakusikika siku Padre alipotangaza kwamba kigango hakitapata Misa kwa majuma matatu.

Lakini tusiende mbio. Kupenda hadithi si dhambi. Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe aliwafundisha watu kwa hadithi, na kama mtu angemkatiza alipokuwa akisimulia habari za mwana mpotevu, pale kijana alipokuwa bado yu njiani na baba hajatoka kumlaki, twaamini wasikilizaji wangenung'unika, tena kwa haki. Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya tarehe 8 Septemba 1957, alinena habari za sinema, redio na televisheni, na hakuzilaani. Alizihesabu kuwa miongoni mwa vipaji ambavyo Mungu humjalia mwanadamu kwa njia ya akili yake, vikitumika vema. Mwaka uliofuata akamweka Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Sababu yake yafaa ikumbukwe. Usiku wa Noeli Klara alikuwa mgonjwa kitandani, na masista wenzake walikuwa wamekwenda kusali, wakamwacha peke yake. Ndipo Mungu akamjalia kusikia na kuona kutoka kitandani pake ibada iliyokuwa ikifanyika mbali, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Basi msimamizi wa televisheni ni mgonjwa aliyeachwa peke yake chumbani. Tutamrudia.

Kwanza tumsikilize Nabii Yona. Wengi wetu twajua habari za samaki, lakini sura ya nne ya kitabu chake hatuifungui mara nyingi. Yona alikwisha kuhubiri, watu wa Ninawi walikwisha kutubu, na Mungu alikwisha kuwahurumia. Naye Yona amekasirika kwa sababu mji haukuangamia. Akatoka, akaketi upande wa mashariki, akajijengea kibanda, akakaa chini ya kivuli chake ili aone mji utapatwa na nini. Ndugu msomaji, litazame jambo hili: nabii amekuwa mtazamaji. Mji mzima uko mbele ya macho yake kama mchezo, naye anangoja sehemu ya mwisho.

Mungu akaotesha mtango ili umtie kivuli, na Yona akaufurahia mno mtango ule. Kesho yake alfajiri buu likautafuna, ukanyauka. Jua likapanda, upepo wa mashariki ukavuma kwa ukali, na Yona akaomba afe. Mungu akamwuliza kama ni vema kukasirika hivi kwa ajili ya mtango. Naye akajibu kwamba ni vema, hata kufa. Hapo ndipo Mungu anapomwonyesha jambo lenyewe: wewe wauhurumia mtango usioutaabikia wala kuukuza, uliomea usiku mmoja na kupotea usiku mmoja, nami nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioujua mkono wao wa kulia wala wa kushoto, tena na wanyama wengi?

Mungu hasemi kwamba kivuli kilikuwa cha uongo. Kilikuwa kivuli kweli, na yeye ndiye aliyekitoa. Hasemi wala kwamba Yona alikosa kuufurahia mti. Kosa lake ni kwamba huzuni yote ya moyo wake ilimwagika palipo na mtango, isibaki hata tone kwa ajili ya mji.

Yaliyompata Yona yalimpata pia mwandishi mmoja Mwingereza, ila safari hii wenye hasira walikuwa maelfu. Mwezi wa Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alichapisha katika jarida la The Strand Magazine hadithi ambamo mpelelezi wake mashuhuri, Sherlock Holmes, anakufa. (Conan Doyle alisomeshwa na Mapadre Wajesuiti katika shule ya Stonyhurst, na baadaye akaiacha imani, tungependa kumwandika kwa fahari zaidi, lakini haikuwa hivyo.) Inasemwa kwamba wasomaji zaidi ya 20,000 waliacha kulinunua jarida hilo. Barua za matusi zikamiminika. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mama mmoja alianza barua yake kwa kumwita mnyama.

Sasa tuone kilichokuwamo nyumbani mwa mtu huyo. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule baba yake mzazi, aliyekuwa mchoraji, alikuwa amefariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Uskoti. Na mwaka uleule mke wake, Louisa, mama wa watoto wawili wadogo, alikuwa ameonekana kuwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao siku zile haukuwa na dawa. Kwa hiyo, wakati watu walipokuwa wakimlilia Holmes, ambaye hakuzaliwa na mwanamke yeyote, na kumtukana aliyemwua, yule aliyetukanwa alikuwa amemzika baba yake na anakisikiliza kifua cha mkewe usiku. Hatusemi kwamba wasomaji walijua. Hawakujua. Lakini wangeweza kufikiri kwamba anayeandika hadithi ni mtu, ana nyumba, na nyumba ina mambo.

Holmes alirudi. Mwaka 1901 alionekana tena katika hadithi ya mambo yaliyotangulia kifo chake, na mwaka 1903 mwandishi wake akamtoa mautini kwa nguvu ya kalamu. Louisa alikufa mwezi wa Julai 1906, akiwa na umri wa miaka 49.

Mtakatifu Augustino alilijua jambo hili kwa nafsi yake. Katika kitabu chake cha Maungamo anakiri kwamba alipokuwa mvulana shuleni alimlilia Dido, malkia wa hadithi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, na huku hakuwa na chozi hata moja la kujililia mwenyewe, aliyekuwa akifa kwa kuwa mbali na Mungu. Tena asema kwamba lau angezuiwa asisome mambo yale, angehuzunika kwa kuwa amekosa cha kumhuzunisha. Hapo mtakatifu ametuchungulia hata ndani ya sebule zetu. Maana machozi ya tamthilia ni matamu kwa sababu hayatudai kitu. Ukimlilia binti wa hadithi aliyefukuzwa na mama mkwe, hulazimiki kumpa mahali pa kulala. Ukimlilia jirani, kesho atabisha hodi.

Na hasira nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2013 mwigizaji Anna Gunn, aliyeigiza mke wa mtu katika tamthilia ya Breaking Bad, aliandika gazetini jinsi chuki ya watazamaji ilivyotoka kwa yule mke wa kubuniwa ikamwangukia yeye, hata mmoja akauliza atapatikana wapi ili amwue. Katekisimu haiweki amri ya tano kando saa za michezo. Anayemtakia mtu kifo kwa sababu ya hadithi amemtakia mtu kifo.

Tusije tukaeleweka vibaya kuhusu wanaodai haki ya watazamaji. Kati ya Desemba 1967 na Machi 1968 shirika la NBC la Marekani lilipokea barua karibu 116,000 za kuomba tamthilia ya Star Trek isikatwe, nayo ikapewa mwaka mmoja zaidi, kabla ya kukatwa mwaka 1969. Kuandika barua ya heshima ni jambo jema, na twamhurumia karani aliyezihesabu tu. Ila watu hao walituonyesha kwamba mwanadamu anao wakati, anayo karatasi, anazo fedha za stempu, na anao moyo wa kushikilia jambo hata likubaliwe. Tunapowaambia Wakristo wamwandikie mfungwa, au kijana wa parokia aliye mbali masomoni, twajibiwa kwamba nafasi hakuna.

Sasa turudi kwa Mtakatifu Klara na chumba cha mgonjwa. Wapo watu ambao tamthilia ikikatwa wanapoteza zaidi ya mchezo. Bibi mzee ambaye wanawe wote wako mjini, na ambaye sauti pekee inayosikika nyumbani mwake jioni ni ya wale watu wa kwenye kioo. Amewajua kwa majina, amewaonya, amewaombea hata katika sala zake. Mgonjwa wa miguu asiyefika kanisani tangu Pasaka iliyopita. Mama ambaye mume wake hurudi usiku wa manane, naye huzungumza na tamthilia kwa kuwa hana mwingine. Siku kipindi chao kinapoondolewa, watu hawa hulia, na vijana wa nyumbani huwacheka: ati bibi analilia televisheni! Bibi halilii televisheni. Alikuwa na kivuli cha mtango mmoja, na mtango umenyauka, na jua la nyumba ile twalijua.

Kumcheka mtu huyo ni dhambi kubwa kuliko machozi yake. Katika matendo ya huruma tuliyofundishwa tangu Komunyo ya kwanza yamo kuwatazama wagonjwa na kuwatuliza wenye huzuni, wala hatukufundishwa kuchagua kwanza huzuni zilizo na sababu nzuri. Saa ile ya jioni iliyokuwa ya tamthilia sasa ni tupu nyumbani mwake. Aliye jirani yake aweza kuingia saa hiyohiyo, aketi, amwulize hadithi iliishia wapi, na amwache aisimulie mpaka mwisho, ijapokuwa mwisho wenyewe haukuonyeshwa. Wanajumuiya wapangiane siku. Rosari itafuata baadaye, tena bila haraka.

Mungu hakumkaripia Yona pale nje ya mji, wala hakuuotesha mtango mara ya pili. Alimwuliza swali, na kitabu kikaishia hapo. Maandiko hayatuambii kama Yona aliinuka akaingia Ninawi.