Ua Halisukumi Wiki

Kwenye ngazi za mlango wangu kuna mikebe mitatu ya rangi, nimeitoboa chini. Miwili ina waridi, wa tatu una asumini. Wiki hii yote imechanua. Jirani yangu, mama asiyepindisha maneno, ameitazama akauliza, "Sasa haya utakula? Si ungepanda sukuma?"

Ni rahisi kulicheka swali hilo, lakini lina uzito. Kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki. Yakikatika, tunanunua kwa mtungi. Sukuma wiki imepata jina lake kwa kazi yake: inakusukuma mpaka wiki iishe. Ua halisukumi wiki. Je, ni haki kuunywesha mmea usiolisha mtu, mahali ambapo watu wanahesabu maji?

Nianze kwa kumkubalia. Kama mtungi ni mmoja na mtoto wa jirani ana kiu, hakuna mjadala, waridi wafe. Lakini siku nyingi hazifiki hapo. Mimi huwapa maji niliyooshea mchele. Kwa hivyo swali linabaki pale pale: nafasi na muda wangu, kwa nini nivipe kitu kisichoingia sufuriani?

Hebu tuangalie nani huulizwa swali hili. Kule Runda, nyuma ya ukuta mrefu, hakuna anayemuuliza mwenye nyumba kama ua lake linaliwa. Waridi likikuzwa Naivasha, likapakiwa ndegeni kwenda Uholanzi kabla ya tarehe 14 Februari, linaitwa uchumi. Waridi lile lile likichanua mlangoni pa mpangaji, linaitwa upuzi. Yaani uzuri ni halali ukiwa wa kuuzwa au ukiwa wa tajiri. Sisi wengine tunatakiwa kutoa sababu.

Hapo ndipo ninapokataa. Kumwambia mtu wa kipato kidogo apande tu cha kula ni kumwambia kwamba yeye ni tumbo, na yaliyobaki atayapata akishatajirika. Watu wa Pwani hawakusubiri utajiri. Lamu na Mombasa, wanawake hutunga kikuba kwa asumini na rehani, wakakivaa jioni wakijua kesho kitakuwa kimenyauka. Hakuna aliyeshiba kwa kikuba. Lakini anayekivaa ameamua kwamba jioni yake ina thamani, hata kama mfuko hauna kitu.

Halafu kuna jambo moja ambalo jirani yangu hajalitaja. Sukuma nikiichuma, inaingia jikoni kwangu na mlango nafunga. Asumini hufunguka jioni, na harufu yake haina kufuli. Inamfikia anayerudi kutoka kibaruani, inamfikia keateka, inamfikia hata yeye aliyeniuliza. Kati ya mimea hiyo miwili, ule tuliouita wa ubinafsi ndio unaogawanya zaidi.

Sisemi watu wang'oe mboga. Mkebe wa nne nikiupata, nitapanda sukuma, na majani nitampelekea. Ninachokataa ni ile hesabu inayosema kwamba shibe ndiyo haki yetu ya kwanza na ya mwisho. Ni ya kwanza, sawa. Lakini si ya mwisho.